Nauli ya Mzee Kutoka Kilindoni: Nani Ampunguzie, na kwa Haki Gani?



Tumepokea suali kutoka kwa familia moja ya Kilindoni, kisiwani Mafia. Kwa ufupi wanasema: mama yetu ana miaka sabini na kitu, macho yameingia ukungu, na ametakiwa aende Dar es Salaam kwa matibabu. Kumuona daktari hakulipishwa, kwa kuwa ni mzee. Lakini tulipofika kwenye tiketi ya chombo cha kuvukia, tuliambiwa nauli ya mtu mzima ni moja. Jee, hakuna punguzo kwa wazee? Na jee, kudai punguzo ni haki, au ni kuombaomba ambako dini yetu hakukupenda?

Ni masuali mawili, na la pili ndilo lililotufanya tuandike makala badala ya jawabu fupi. Ukiwasikiliza watu wa visiwani wakizungumza mambo ya wazee, utaona aibu imeingia pasipo pahala pake. Mtu anaona haya kuuliza bei ya mzee kama kwamba amesimama mlangoni kwa watu. Mwanafunzi aliyevaa sare anapanda daladala na shilingi zake 200, haoni haya, wala kondakta hamuulizi baba yake ana uwezo kiasi gani. Mwezi wa Disemba 2023 nauli za daladala Bara zilipopandishwa, ya mwanafunzi iliachwa pale pale kwenye 200. Treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro mwezi wa Juni 2024, tangazo la nauli lilimtaja mtu mzima na likamtaja mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, ambaye analipa nusu. Mzee yumo ndani ya "mtu mzima", pamoja na kijana wa miaka ishirini na tano mwenye mshahara. Hakuna aliyekaa akakusudia kumdhulumu. Alisahauliwa tu, na kusahauliwa huku kunamgharimu.

Wasiopajua Mafia wanahitaji maelezo kidogo ya safari yenyewe. Kilindoni ndio makao makuu ya wilaya, na wilaya yote, pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, ilihesabiwa watu zaidi ya 66,000 katika sensa ya 2022. Kiserikali ni mkoa wa Pwani, kwa hiyo barua na rufaa za mgonjwa zinaelekea Bara: Tumbi kule Kibaha, au Muhimbili. Mwenye haraka na fedha anapanda ndege ndogo kwenye kiwanja kilichopo hapo hapo mjini. Asiye nazo anashuka gatini, anavuka hadi Nyamisati, anapanda gari hadi Bungu kwenye barabara kuu ya kusini, kisha Mbagala Rangi Tatu, kisha anaanza kutafuta hospitali. Zamani kuvuka kulikuwa ni kwa majahazi na maboti ya mbao, na wengi wetu tunawajua watu waliopoteza jamaa zao katika mkondo ule. Kivuko cha MV Kilindoni, chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), kimebadilisha mambo mengi na watu wanashukuru. Kinachukua abiria 200. Hata hivyo kusi ikivuma, bahari ile haina adabu kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kuvuka ni shilingi 20,000 kwa mtu mmoja. Mzee mwenye ukungu wa macho hasafiri peke yake. Lazima awe na mtoto au mjukuu wa kumshika mkono. Hiyo ni 40,000 kwenda na 40,000 kurudi. Akishafanyiwa upasuaji ataambiwa arudi kuangaliwa. Tayari ni 160,000, na bado hatujataja gari la Bungu, bodaboda, chakula, wala pahala pa kulala kwa asiye na ndugu mjini. Matibabu yenyewe yanaweza kuwa ya bure kabisa, lakini yako ng'ambo ya bahari. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, ambayo inamhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, ilielekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na ndiyo tunayoiona kwenye madirisha ya wazee hospitalini na yale mabango ya kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Ni jambo jema na tusilidharau. Ila sera hiyo inamsamehe mzee ada ya kumuona daktari, na kinachomla mzee wa kisiwani ni njia ya kumfikia daktari huyo. Mzee wa Kariakoo na mzee wa Jibondo wameandikiwa haki moja, na mmoja wao tu ndiye anayeweza kuifikia kwa miguu.

Jengine ni kwamba sera si sheria. Mtendaji akikataa, huwezi kwenda mahakamani ukiwa na sera mkononi. Wazee wa Bara wamedai sheria yao kwa miaka mingi. Kwetu Zanzibar ipo Sheria ya Mambo ya Wazee ya mwaka 2020, na kabla yake, Aprili 2016, Serikali ilianza Pensheni Jamii: kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe alikuwa mwalimu, mvuvi au mama wa nyumbani, anapata fedha kila mwezi. Ilianza na shilingi 20,000, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 50,000. Sisemi kwamba 50,000 inatosha. Nasema kwamba bibi wa Mkokotoni au Kojani anapotaka kuvuka, ana fedha zake mwenyewe ambazo hakumuomba mtu. Mwenzake wa Kilindoni, ambaye huenda ni binti wa ami yake, hana. Mafia ilikuwa chini ya dola moja na Unguja hadi 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana ramani na kisiwa kikaangukia upande wa Wajerumani. Mstari ule uliochorwa Ulaya ndio leo unaoamua nani ana pensheni ya uzee na nani hana, ingawa wote wanaadhiniwa kwa lafudhi moja.

Suali la pili: ni haki au ni kuomba?

Hapa inafaa tutofautishe mambo matatu ambayo watu wanayachanganya.

La kwanza ni wajibu wa watoto. Huu haupunguzwi na punguzo lolote. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, nafaka ya mzazi asiyejiweza iko juu ya mtoto mwenye uwezo, nayo hupimwa kwa mahitaji ya mzazi. Aya za 23 na 24 za Suratul Israa zinawataja wazazi kwa hali yao ya uzeeni khasa, pale mtu anapokuwa rahisi kuchokwa. Kwa hiyo kijana aliyeko Dar, Unguja au Maskati, anayemtumia mama yake vocha ya simu na kumwambia asubiri serikali imletee nauli, ajue kwamba serikali haikuchukua wajibu wake. Punguzo linamsaidia mtoto atekeleze, halimwondoshei dhima.

Wapo wanaosema kutoka hapo kwamba basi punguzo halina haja, sisi Waislamu tuna familia, na hayo mambo ya bei za wazee ni ya watu wa Ulaya waliowatupa wazee wao. Mimi nawauliza: mzee ambaye watoto wake wote ni wavuvi wa Jibondo wasio na boti yao, naye ana familia, jee familia hiyo itamvusha kwa kitu gani? Na aliyewazika watoto wake? Sifa ya familia zetu isiwe ni sababu ya kuwaacha wale ambao familia yao ni masikini kama wao.

La pili ni sadaka. Mwenye boti akimwambia mzee "wewe panda, usilipe", hiyo ni sadaka, na ana ujira wake kwa Allah, na mzee hana kosa kuipokea. Tunawajua manahodha wanaofanya hivyo bila kutangaza. Lakini sadaka inategemea nahodha gani yuko zamu.

La tatu ndilo lililoulizwa: bei iliyopangwa na kutangazwa kwa kundi fulani la watu. Hii si sadaka wala si kuomba. Ni kanuni ya biashara au ya utumishi wa umma, na anayeuliza bei yake anauliza kilicho chake. Kumuuzia mtu mmoja kwa bei hii na mwengine kwa bei ile ni halali maadamu wameridhiana na hapana udanganyifu. Wala si jambo geni kwetu. Boti za Dar na Unguja zina nauli ya mkaazi na nauli ya mgeni. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya mwanzo nchini, iliyoanzishwa 1995, ina kiingilio cha Mtanzania na kiingilio cha mtu wa nje. Hakuna aliyesema ni dhulma kutofautisha kwa pasipoti. Basi kutofautisha kwa mvi kuna ubaya gani, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kwamba kumkirimu Muislamu mwenye mvi ni katika kumtukuza Allah?

Tena kuna kisa cha Umar bin Al-Khattab (Radhiya Allahu 'anhu), alichokisimulia Abu Yusuf katika Kitab al-Kharaj. Alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni kwa watu. Alipomuuliza akajua ni Myahudi, na kwamba kilichomfikisha hapo ni kodi, haja na umri. Umar alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwita mtunza Baytul Mal akamwamuru amwangalie huyo na walio mfano wake, na akamwondoshea kodi. Mara nyingi kisa hiki husomwa mimbarini kwa ajili ya huruma ya Umar. Mimi naomba tukisome kwa ajili ya utawala wake. Alifanya mambo mawili mbali mbali: alimpa kitu kutoka mfukoni, na akaondoa tozo. Na hakuishia kwa yule mmoja; aliingiza "walio mfano wake", jambo likatoka kwenye ukarimu likawa kanuni. Na yule hakuwa hata Muislamu. Mzee wa Kilindoni, wa dini yoyote, haki yake katika mali ya umma haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo.

Hapa pana pingamizi la kielimu ambalo tusiliruke. Kuna tas'iir, yaani mtawala kuwapangia wafanyabiashara bei. Bwana Mtume alitakiwa afanye hivyo bei zilipopanda Madina, naye akakataa, akiogopa kukutana na Mola wake hali ya kuwa amemdhulumu mtu katika mali yake. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wengi wa Kishafii wamelikataza jambo hili, na Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba akaliruhusu pale ambapo watu wana dharura na uadilifu hauwezekani bila ya hilo. Hukumu hii inatufundisha tutenganishe vyombo. Kivuko cha serikali ni mali ya umma, na mwenye mali kupunguza bei yake mwenyewe si tas'iir hata kidogo. Boti ya mtu binafsi, aliyeinunua kwa mkopo na anayenunua mafuta kwa bei ya soko, ukimlazimisha achukue wazee kwa nusu nauli bila ya kumfidia, umeuhamisha mzigo wa taifa ukamtwika mtu mmoja. Hilo halitakiwi.

Wenzetu waliotangulia wamepata njia. Ufilipino ni nchi ya visiwa kama sisi, ila vyao ni maelfu. Sheria yao ya 2010 inampa kila aliyefika miaka 60 punguzo la asilimia 20 katika dawa na katika nauli za gari, ndege za ndani na meli, za binafsi pia. Mfanyabiashara naye anaruhusiwa kukitoa kile alichopunguza katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi. Kwa hiyo hasara haikai kwake peke yake. Mwenye boti wa Kilindoni akipewa unafuu wa namna hiyo katika kodi au ada za leseni, sioni kwa nini akatae.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Scotland. Kule, wakaazi wa visiwa vya Orkney, Shetland na vile vya magharibi waliofika miaka 60 wanapanda basi bure, na juu ya hapo wanapewa kila mwaka safari mbili za meli, kwenda na kurudi, hadi nchi kavu bila malipo. Safari mbili tu. Ukifikiri utaona ni hekima: mzee wa kisiwani havuki kila wiki, anavuka kwa daktari, kwa harusi, kwa maziko. Serikali inajua mwanzo wa mwaka gharama haitapita kiasi fulani, na mzee anajua ana safari zake mbili mfukoni bila kumbembeleza mtu.

Wahindi wametufundisha kinyume chake. Reli yao ilikuwa ikiwapunguzia wanaume waliofika miaka 60 asilimia 40 na wanawake wa miaka 58 asilimia 50. Mwezi wa Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, punguzo likasimamishwa. Maradhi yakapita, treni zikajaa, punguzo halikurudi. Lilikuwa ni uamuzi wa wakubwa wa reli, na kilichotolewa kwa kalamu ya ofisini kiliondoshwa kwa kalamu ile ile.

Na Mombasa je? Kule Likoni anayevuka kwa miguu halipi kitu, mzee kwa kijana. Punguzo la namna hiyo halihitaji kitambulisho wala foleni ya kuhakikiwa, na hilo ni jambo kubwa kwa wazee wetu kama nitakavyoeleza. Lakini Likoni ni dakika chache za maji, Nyamisati ni masaa, na mafuta yake si mchezo. Sitegemei bure kwa wote.

Jee, Kilindoni inaweza?

Tuchukue kivuko cha abiria 200. Tuseme kila safari ina wazee kumi wanaolipa nusu. Kilichopotea ni nauli ya viti vitano kati ya mia mbili, yaani asilimia mbili na nusu, na hiyo ni siku chombo kimejaa. Siku hakikujaa, mzee aliyekuja kwa nusu nauli, ambaye kwa nauli kamili angebaki nyumbani, ameleta fedha ambayo isingekuwepo. Asilimia mbili na nusu, kwa bahati tu, ni kiwango kile kile cha zaka, nacho hakijamfilisi mtu.

Tena Mafia ina mlango wa mapato ambao visiwa vyengine vinautamani. Kuanzia Oktoba hadi Machi wageni wanakuja Kilindoni kuogelea na papa potwe, wanalipa mahoteli, maboti na ada. Shilingi chache juu ya kila tiketi ya mgeni wa potwe, zikawekwa kwenye mfuko wa nauli za wazee unaosimamiwa kwa uwazi na halmashauri, zingeweza kuwavusha wengi. Hayo ni maoni yangu. Madiwani wa Mafia wanaijua hesabu yao kuliko mimi niliyeko Unguja. Lakini wananchi wana haki ya kuwauliza. Mlango wa kuuliza upo pia kwa TEMESA kuhusu kivuko chake, na kwa TASAC, ambalo ndilo mdhibiti wa usafiri wa majini kwa upande wa Bara. Waraka wa mabaraza ya wazee wa vijiji, wenye ombi moja lililo wazi (nusu nauli kwa aliyefika miaka 60, au safari mbili za bure kwa mwaka kwa mwenye rufaa ya hospitali), una uzito kuliko malalamiko mia ya gatini.

Nimesema gatini, na kuna jambo dogo linaloumiza. Hata bei ikipungua, mzee anahitaji kiti cha kivulini, mtu wa kumshika anapopanda na kushuka, na aitwe mwanzo kabla ya vurugu. Hayo hayagharimu kitu. Ni aibu mji wenye misikiti kama ule mzee asimame juani na mkoba wake huku vijana wamekaa.

Katika kusubiri, familia ifanye nini? Kwanza, mzee awe na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA. Wazee wengi wa visiwani hawana cheti cha kuzaliwa; wanahesabu umri kwa matukio, kwamba alikuwa anatambaa mwaka wa njaa fulani au ameolewa kabla ya Uhuru. Kila punguzo litakalokuja litauliza tarehe, na kuitafuta siku ya safari ni kuchelewa. Anzeni serikali ya kijiji au mtaa, kwa barua ya utambulisho na mashahidi wanaomjua. Ulizeni hapo hapo kuhusu kitambulisho cha matibabu ya wazee, ambacho halmashauri zinawapa waliohakikiwa kuwa hawana uwezo. Bila ya hicho, hospitali ya mjini inaweza isimjue kama anavyojulikana kwao. Pili, msiondoke Kilindoni bila ya barua ya rufaa. Anayejipeleka mwenyewe hospitali kubwa anahesabiwa mteja wa kulipa. Tatu, mkifika hospitali kubwa na bili ikawashinda, muulizieni Afisa Ustawi wa Jamii kabla ya kuuza kitu au kukopa. Kuwasikiliza wenye haki ya msamaha ni kazi yake. Nne, ulizeni zahanati na hospitali ya wilaya kama kuna kambi ya madaktari wa macho inayotarajiwa kisiwani. Daktari mmoja akivuka kuja kwenu, wazee hamsini hawana haja ya kuvuka. Na tano, kwenye tiketi ulizeni kila mara, kwa adabu, mbele ya watu: "Mwanangu, bei ya mzee ni ngapi?" Hata jawabu likiwa hakuna. Karani akiulizwa mara ishirini kwa siku atampelekea mkubwa wake.

Ndugu wa misikiti ya Kilindoni, nanyi mna nafasi. Kapu la Ijumaa likitenga kidogo kila wiki kwa nauli za wagonjwa wazee, kwa jina la mgonjwa na barua ya rufaa, mtawavusha kadhaa kwa mwaka na hamtamngoja mtu.

Kuna masuali madogo ambayo najua yatafuata, bora niyajibu hapa hapa.

Mwenye boti anauliza: nikimpunguzia mzee fakiri nauli, naweza kulihesabu punguzo katika zaka yangu? Hapana. Zaka sharti uitoe na mstahiki aimiliki. Wanavyuoni wetu, katika kauli iliyo sahihi zaidi, hawakukubali hata kumsamehe fakiri deni kwa nia ya zaka, na kupunguza bei ni jambo la karibu na hilo. Mpe zaka yako mkononi, akitaka alipe nauli, akitaka anunue unga. Punguzo lako litabaki ni sadaka, na sadaka si kidogo.

Mzee mwenye nyumba tatu za kupangisha anauliza kama ni halali kwake kutumia bei ya wazee. Ikiwa sharti ni umri peke yake, ni halali, wala asijitie dhiki. Ikiwa sharti ni kutokuwa na uwezo, si halali, hata akiandikiwa na sheha au mtendaji aliyemstahi. Cheti hakibadilishi anachokijua moyoni.

Na yule kijana anayechukua kitambulisho cha babu yake ili akate tiketi ya bei nafuu, au familia inayomwongezea mama miaka mitano kwa shahidi wa uongo: hiyo ni ghishi, na ushahidi wa uongo umehesabiwa katika madhambi makubwa. Ubaya wake hauishii kwake, kwani punguzo likichezewa ndilo la mwanzo kufutwa, na atakayekosa ni mzee wa kweli. Aliyekwisha kufanya atubie na arejeshe tofauti ya nauli. Kwa boti ya mtu binafsi anampa mwenyewe, hata kwa mkono wa mtu mwengine bila ya kutaja jina. Kwa kivuko cha umma, ambako hajui ampe nani, anunue tiketi ya thamani ile ile kisha aichane asisafiri nayo, na fedha itakuwa imerudi ilikotoka.

Wallahu a'lam.